Nimemfungia Bi. Harding Nje

Jumamosi, Aprili 1996. Lurambi, Kakamega.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, ikaja na mawe. Hadi sasa nina raha.

Leo nimemfungia Bi. Harding nje.

Nilipokuwa nikisomea uuguzi Whitby, mji wa kale ulio ufukweni mwa Uingereza, nilipanga chumba kwake. Mji wenyewe niliupenda: magofu ya monasteri juu ya jabali, vichochoro vinavyonukia samaki wa moshi, ndege wa baharini wakigombana juu ya paa. Watu husafiri mbali kuja kuuona. Mimi niliuona kupita kiasi. Bi. Harding alikuwa na sheria: ukishakunywa chai ya asubuhi unatoka, uwe na darasa au huna, na mlango haufunguliwi mpaka jioni.

Siku moja ya Januari niliamka na homa. Akanitoa vilevile. Adhuhuri nikarudi, nikagonga, nikamsihi. Redio ilikuwa inalia ndani. Pazia likasogea, likarudi mahali pake.

Nilizunguka kwenye ule upepo hadi nikaanguka karibu na bandari. Homa ya mapafu. Nikalazwa, mitihani ikanipita, nikarudi Kakamega bila cheti.

Sasa Bi. Harding amezeeka, na anapenda kutazama ndege. Aliposikia habari za msitu wetu, akaniandikia barua, akaomba kufikia kwangu.

Nikamwambia karibu sana.

Alasiri ya leo alirudi kutoka msituni ameloa chapachapa, akagonga.

"Rose, ni mimi!"

"Wageni hawaingii kabla ya jioni, Bi. Harding. Ndiyo sheria ya nyumba."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Mawe yalikuwa yanapiga mabati, nikasogeza kiti mlangoni ili nimsikie vizuri.

"Ni ile siku ya homa," akasema mwishowe. "Nilikusikia, Rose. Nilijua unaumwa. Nisamehe."

Miaka yote hii nilijiandaa kumsikia akikana. Sikutegemea kwamba angekiri.

Sikufungua.

Nilifungua mvua ilipokatika. Mama aliporudi kutoka sokoni alimkuta jikoni, midomo imekuwa ya buluu, amejikunyata ndani ya blanketi langu.

"Wewe Rose, mgeni anaachwanga kwa mvua?"

"Huyu, ndiyo."

Mama akawasha jiko. Amemchemshia chai ya tangawizi, na tangu hapo hanitazami usoni.

Nilidhani kufikia saa hizi ningekuwa naona aibu. Namsikia Bi. Harding akikohoa chumba cha pili, na aibu haijaja.

Lakini bado sijatosheka. Ameniomba msamaha akiwa anataka kuingia, na mtu aliyeloa atasema lolote. Nataka auombe tena akiwa amekauka, mlango ukiwa wazi, Mama akisikia kila neno.

Kesho asubuhi, kabla sijammiminia chai.