Sakafu ya Mninga Uliyoniachia, Tata

Mpendwa Tata,

Jumanne tumesugua sakafu ya chumba cha maombi, ile ya mninga uliyoipigilia kwa mikono yako kabla mimi sijazaliwa. Nilitamani uwepo, baba yangu. Tena nashukuru hukuwepo, maana nisingejua niuweke wapi uso wangu.

Fundi Sichone alikuja na mashine ya msasa kutoka Tunduma. Alipopita mara ya kwanza, kwa msasa mkali, lilitoka vumbi jeusi kama masizi: polishi ya miaka yote, nta ya mishumaa, udongo wa viatu vya waumini. Nikakohoa, naye akacheka, "Mzee wa kanisa, unanguruma kama trekta la Kamsamba!" Mara ya pili mbao zikabaki zimepauka, zina mikwaruzo, zinatia huruma. Nikasema moyoni, si nilisema? Zimekufa hizi. Fundi akapitisha msasa laini, akapangusa vumbi, akapaka vanishi. Tata, wekundu ukaibuka. Mishipa ya mti ikaonekana yote, kama vile umezipiga randa asubuhi ile.

Nikatoka nje nikalia.

Unakumbuka kile kikao cha ujenzi? Ulisimama na fimbo yako ukasema, "Mninga haufi, unachafuka tu. Usugueni." Mimi, mwanao, mwenyekiti wa kamati, nikakujibu mbele za watu, "Tata, hayo ni ya zamani. Watu wanataka marumaru." Wakacheka. Ukakaa. Tukang'oa mbao za kanisa zima, kikabaki chumba hicho kidogo tu kwa kuwa marumaru ziliisha. Ukaomba mbao ziletwe nyumbani, ukazipanga nyuma ya jiko, ukazifunika kwa bati. Hukunilaumu hata siku moja.

Kuna jambo hulijui. Siku ya msiba wako mvua ilinyesha, kuni zikalowa, na watu walikuwa wamejaa uani. Akina mama wakaniuliza, tufanyeje? Nikasema, "Chukueni zile mbao za Tata." Wote waliokuja kukuzika walikula ugali uliopikwa kwa sakafu yako. Nami nilikula. Kwa Mungu nimeungama mara nyingi. Kwako hii ndiyo mara ya kwanza.

Sasa sikia. Karibu na dirisha palibaki madoa mawili meusi. Fundi akasema, "Hapa pamebonyea, mashine inaruka. Nipasugue kwa mkono?" Nikapajua. Ndipo ulipokuwa ukipiga magoti kila alfajiri. Nikamwambia, "Paache. Paka vanishi hivyo hivyo."

Ilipokauka nilikwenda peke yangu kuomba msamaha hapo. Magoti yangu hayakuenea, Tata. Nikasogea pembeni kidogo, kwenye ubao ulionyooka, ambao bado haujabonyezwa na mtu. Nitakuwa napiga magoti hapo.

Pumzika kwa Bwana.

Ni mimi mwanao mkubwa, niliyekujibu mbele za watu.