Kanda ya Absalom imo kwenye mtama

Mama Wechuli, nimefanya kitu kibaya. Usimwambie mtu.

Unamkumbuka Absalom, aliyeanzisha na marehemu mzee wangu ile kampuni ya kusambaza filamu? Walikuwa wakipeleka kanda kwa baiskeli kwenye vibanda vya video, Obunga mpaka Katito.

Amekuja leo asubuhi. Kuna watu Kisumu wanaandika historia ya kampuni, wanataka ile kanda ya filamu ya kwanza kabisa waliyosambaza, ya Kijaluo. Hakuna nakala nyingine. Mzee aliiacha kwangu.

Ananiambia, "Shemeji, nilijua wewe huwezi kuipoteza." Na ameniletea sukari. Sukari, Mama Wechuli.

Na mimi mwezi uliopita nilivuta utepe wote wa hiyo kanda nikaufunga kwenye vijiti shambani, uvume na upepo, ufukuze ndege. Si sisi wote tunafanya hivyo? Nilidhani haina kazi tena, hata mashine ya kuichezea sina.

Nikamwonyesha shamba kwa kidole tu.

Alisimama akisikiliza utepe ukivuma. Nilingoja anitukane. Akasema, "Hata Katito watu waliikimbia filamu hii kama ndege hawa." Akacheka, lakini macho yalikuwa na maji.

Kipande kimoja kilikuwa kimefunguka. Akakiokota, nikadhani anakibeba. Kumbe anakifunga tena kwenye kijiti, polepole, mtama wangu usiliwe.

Ameenda. Sukari yake iko mezani. Sijaweza kuifungua.