Siti Zangu Bado Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Wifi, mke wa kaka yangu, kapita kazini leo. Anataka kuuza gari lake, eti limechoka. Mimi papo hapo: na langu nauza! Sikuwa na mpango huo hata kidogo. Mdomo tu. Lakini tulinunua wiki moja, yadi moja, bei karibu sawa — langu jeupe, lake rangi ya damu ya mzee. Miaka mitatu sasa. Tuone la nani limeshika bei. Dalali anakwenda kwa kaka Jumamosi, atayatazama yote mawili.

Jumatano, 5 Machi
Nimepita kwa fundi, tunatumia mmoja. Nikamuuliza kijanja, gari lipi linakula hela zaidi. Bora ningenyamaza. La wifi linanusa mafuta tu, anasema, na spea zake zimejaa kila duka. Langu taa moja ya mbele iliagizwa, ikachukua mwezi mzima. Roho iliniuma! Akaniona uso, akanituliza: dada, siku ya kuuza wewe ndiye utakayecheka, hili lako kama limetoka yadi jana.

Bila shaka. Mimi ni mtunza stoo wa shule, najua kutunza vitu. Nailoni za siti sijazitoa hadi leo. Humo hakuna kula, hakuna watoto wa kupanda na miguu michafu.

Jioni nikampigia Mama, nimpeleke kliniki ya macho Ijumaa. Usijisumbue mwanangu, wifi yako atanipeleka, gari lako ni la heshima. — La heshima! Mama yangu mimi, aliyenizaa mimi, anapelekwa na mkwe.

Ijumaa, 7 Machi
Wamepita mbele ya geti la shule. Nilikuwa nahesabu madaftari, nikajikuta nahesabu boksi lilelile mara mbili. Mama kalaza siti, viatu kavua, anacheka mdomo wazi. Kwangu hukaa wima kama yuko kwenye foleni ya benki. Mara ya mwisho nilimwomba avue viatu kwanza, vilikuwa na tope. Kosa langu nini hapo?

Naona wivu. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshinda! Dalali kalizunguka gari la wifi: kitasa kimelegea, doa la juisi, siti ya mbele imebonyea. Kilomita mara tatu ya zangu. Langu kalitajia bei karibu mara mbili ya lile. Kaka akapiga mluzi. Nikamtazama wifi, nione kama limemchoma. Wapi! Kanikumbatia, hongera wifi yangu. Hata kijicho hana, mtu wa ajabu. Kisha akasema basi lake hauzi tena, maana mgongo wa Mama umeshaizoea ile siti. Na Mama, aliyekuja kutazama, akaitikia kwa kichwa, kafurahi kama kapewa zawadi.

Dalali akafungua mlango wangu wa nyuma, akacheka. Eti humu hajawahi kukaa mtu, ndiyo maana lina bei. Alikuwa ananisifu. Nikasema asante. Sikujua nitazame wapi.

Akaniambia mnunuzi anakuja Jumatatu, mpaka hapo nisiguse hizo nailoni.

Nikamwambia Mama mbele ya wote: leo nakurudisha nyumbani mimi. Akasita. Akamtazama wifi. Haya, mwanangu.

Naandikia hapa kwenye usukani, yeye kaingia ndani kuchukua mkoba. Mkasi nimeazima kwa wifi. Nailoni ya siti ya mbele nimeshaikata upande mmoja — dalali, simu sikioni, anaongea na mnunuzi huku ananipungia mkono, niache, niache!

Mama huyo anatoka. Viatu kashavishika mkononi.