Kwa Baba Asiyepokea Simu

Makambako, Njombe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama ameniambia mgongo unakusumbua tangu mlipoanza kupalilia mikorosho, na kwamba dawa ya kuchua umeikataa. Ipake, Baba. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatutafuta. Nakuandikia kwa sababu tangu tukorofishane baada ya uchaguzi simu yangu huipokei, ila najua barua huwezi kuiacha bila kuisoma. Udadisi huo nimeurithi kwako.

Basi nikupe habari. Mwenye nyumba wetu, Mama Mgaya, ni wewe mtupu aliyefunga kilemba. Chama ni kilekile, hoja ni zilezile, hata kukohoa kabla ya kusema "ninyi vijana" ni kulekule. Bomba la uani likikauka wiki nzima, anabeba ndoo kutoka kisimani huku akisifia mradi wa maji. Siku moja, mimba yangu ikiwa kubwa, uzalendo ukanishinda. Nikamuuliza, "Mama, na hayo ya kichwani ni maji ya mradi?" Tukarushiana maneno mpaka mume wangu akatoka nje na povu la dawa ya meno mdomoni. Kila mmoja akaingia kwake na kufunga mlango.

Kesho yake nikampita uani kimya, tumbo hilo mbele. Huku, Baba, kumpita mtu bila salamu ni kama kumwambia amekufa. Wabena husalimiana hata wakiwa wanashtakiana. Mama Mgaya akaacha kumenya viazi, akanizibia njia.

"Kamwene," akasema. Ndiyo salamu yao.

Nikatafuta upenyo wa kupita.

"We mwana, siasa tumegombana jana. Leo sijakukosea. Kamwene!"

"Kamwene," nikaitikia, bado nimenuna. Akaniuliza nimelalaje, mtoto anachezaje, mume ameamkaje. Kisha, hata sijafika getini, akaanza tena habari za mradi wa maji!

Ndivyo tunavyoishi. Tunasalimiana kwanza, tunabishana baadaye. Mpaka leo simwelewi, na yeye ananiona nimepotea. Lakini uchungu uliponishika, ukungu umefunika mji mzima na mume wangu yuko Njombe mjini kupeleka mbao, ni yeye aliyenifikisha hospitali akiwa amenishika mkono. Nimepata mtoto wa kiume, Baba, mwenye paji la uso lako. Vinguo nilivyoandaa vilikuwa vyepesi, nilinunua kwa akili ya joto la huko kwetu Masasi. Mama Mgaya akafungua kitenge alichojitanda, kile cha kampeni, akamviringisha nacho. Mjukuu wako amevaa rangi za chama chako kabla hajafumbua macho vizuri. Nililia na kucheka kwa pamoja. Furahi, umepata mmoja.

Tangu hapo anamwogesha mtoto kila asubuhi na mimi ananipikia uji wa ulezi. Jioni moja akaniuliza babu yake anasemaje. Nikamweleza kwamba hatusemezani, na sababu yake. Akaacha kukoroga.

"Kwa ajili ya kura?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie mimi na yeye chama kimoja, lakini hapo amekosea. Mwambie nimesema mimi."

Nami nimekwambia, Baba. Sijabadilika. Barabara unayoisifia mimi bado naona haijajengwa, na wewe najua utaniita mpotoshaji. Ila nimechoka kusikia hoja zako kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nazitaka kwako mwenyewe, ukizisema kwa hasira na kunikatiza. Nimekukumbuka mno.

Mwezi wa kumi na mbili tunakuja, tutapitia Songea na Tunduru. Msalimie Mama, na umwambie kanga yake nimeipata. Msalimie shangazi mshonaji, na mdogo wangu atakayeipokea barua hii stendi. Msalimie na jirani yetu fundi baiskeli, ambaye nasikia naye mmenuniana kwa sababu hizohizo.

Tukifika, ukitaka kuninunia mimi, ninunie. Ila huyu mpokee kwa mikono miwili. Yeye hajapiga kura.

Ni mimi, mwanao upende usipende,

Rehema