Shule Ikifungwa, Binti Atalala Wapi

Olbalbal, Ngorongoro
Julai 2025

Mama yangu mpendwa, Mama Witness,

Shikamoo mama. Najua unaisoma barua hii ukiwa jikoni, miwani imeshuka puani, na kama Witness amepata likizo huko loji, anakuomba akusomee na wewe unamkatalia. Kwanza nipe habari za goti. Baridi ya Oldeani ya mwezi huu wa saba imelichokoza, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na maharage, umeyawahi kabla ya nyani? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Vumbi tu ndilo linatumaliza, na maji tunapanga foleni pamoja na ng'ombe.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, wewe kwenye simu huongea kama unamwita mtu ng'ambo ya bonde, na kila anayepalilia kahawa huko anazipata habari zangu. Haya ninayotaka kukueleza ni ya kwako kwanza. Baadaye ukitaka kutangaza, tangaza.

Tangu mwezi wa tano kazi imetukamata. Tumeagizwa kila shule ijiandae kwa mafua makali, yale yanayoweza kuzunguka dunia nzima kama ilivyofanya corona. Ugonjwa wenyewe haupo, usianze kuniombea rozari. Ni kujiandaa tu, ili ukija usitukute tumelala. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Qamara, ambaye ni mtu wa kwenu Mbulu na ubishi wake ni wa kwenu vilevile, alinichagua mimi kuwa mwalimu wa afya. Alisema mimi ndiye mdogo na miguu yangu bado ina nguvu. Basi nimekimbia kweli.

Tumefunga vibuyu chirizi mbele ya kila darasa. Ni vidumu vyenye kamba. Mtoto anakanyaga kijiti, maji yanachuruzika bila yeye kugusa kitu. Mbuzi nao wamejifunza kukanyaga, kwa hiyo tumezungushia miiba. Stoo ya mahindi tumeigawa, upande mmoja ni chumba cha mtoto atakayeanza kukohoa, akae humo akimsubiri muuguzi wa zahanati. Bwenini mmoja analala kichwa huku, mwenzake kule, wasipumuliane. Na kila asubuhi natazama nani hakuja, darasa likipungua ghafla napiga simu zahanati siku hiyohiyo.

Kilichotushinda ni salamu. Unajua watoto wa Kimaasai hawamsalimii mkubwa kwa mdomo peke yake. Huinamisha kichwa, na mkubwa huwagusa utosini. Bwana Clemensi, afisa afya aliyeletwa kutusimamia, akasema siku ya kuujaribu mpango kugusana ni marufuku. Asubuhi ile watoto wakainama, sisi walimu tukasimama mikono nyuma. Mama, hawakuinuka. Walibaki hivyohivyo wakingoja, na wale wadogo wa darasa la kwanza wakaanza kulia, wakidhani tumewakasirikia wote. Jioni habari ilishafika kwenye maboma kwamba walimu wamekataa salamu za watoto. Kesho yake wazazi wakaja na nyuso za kesi.

Ikabidi mkutano ufanyike palepale. La salamu lilikwisha upesi. Mwalimu Qamara aliomba radhi, na wazee wakakubali kwamba siku za ugonjwa mkubwa mwalimu atainua mkono akiwa mbali na kuitikia kwa sauti, mtoto ajue amepokelewa. Bwana Clemensi akapumua, akaendelea na mpango wake mpaka akafika mahali pa kufunga shule. Alisema mafua yakizidi, shule itafungwa na kila mtoto wa bweni atarudi kwao.

Hapo akasimama mzee Sitonik. Binti yake, Sinyati, yuko darasa la saba, mtihani ni mwezi wa tisa, na mtoto yule ana akili za kumfikisha mbali. Sitonik hakufoka. Alisema wakati wa corona shule ilifungwa, binti yake mkubwa akarudi nyumbani, watu wakaja kumposa, na shule ilipofunguliwa alikuwa ameshakwenda kwa mumewe. Sasa kama kufunga tena kumeshapangwa, yeye haoni sababu ya kungoja. Wapo watu wamemuulizia Sinyati, na heri amchukue leo. Mwalimu Qamara alianza kumtajia sheria, nikaona Sitonik anazidi kukaza uso, na wanaume wengine wanamuunga mkono. Sinyati alikuwa nje ya mlango na wenzake, anasikia kila neno.

Baba yangu, mzee Sairowua, alikuwa amekaa mbele na watu wa rika lake, na wewe unajua mimi na baba kwa miaka mitano hatukuwa na maneno zaidi ya salamu. Lakini nilisimama. Nilichokisema pale ndicho nilichokuficha wewe muda wote huu, kwa hiyo futa miwani kwanza, kisha usome polepole.

Ule mwaka wa corona, shule ilipofungwa ghafla, ulinichukua pamoja na Witness kutoka bwenini kule Karatu, kwa sababu kwetu walikuwa wamehama na mifugo na mimi sikuwa na pa kwenda. Nikala makande yako, nikapalilia maharage yako, nikawa mtoto wa nyumba. Wiki chache baadaye nililetewa habari kwamba nimeshaposwa na baba anakuja kunichukua. Sikukuambia. Niliona aibu, na niliogopa ungesema hayo ni mambo ya Wamaasai, wewe Mwiraqw huwezi kuyaingilia.

Unakumbuka alivyokuja? Masika yale, matope mpaka magotini. Na wewe ulikuwa na sheria yako: anayeingia kwako hatoki mpaka wiki mbili ziishe, na watoto waliomo hawatoki mpaka shule zifunguliwe. Ulisema ulifundishwa na bibi yako, kwamba zamani nyumba ya Wairaqw iliyopatwa na balaa ilikaa peke yake, haishiriki moto wala maji na jirani, na hakuna aliyeona ni dharau. Hata katekista alisali akiwa nje ya ua. Basi baba naye ukamsimamisha getini, ukamwekea chai na makande juu ya kigoda, ukamwambia karibu sana, ila akiingia ni wiki mbili, na Sintamei hatoki. Alikuambia ng'ombe wake wanamngoja. Ukamjibu kwamba ng'ombe wana miguu na ugonjwa nao una miguu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasikiliza. Alimaliza chai, akashukuru, akaondoka. Wale waposaji hawakungoja, walikwenda boma jingine.

Wewe ulidhani unazuia corona. Mama, ulizuia ndoa yangu. Chaki hii ninayoshika kila siku nimeipata kwa ukaidi wako, na sijawahi kukushukuru kwa sababu hukujua ulilofanya. Sasa nakushukuru. Asante, mama. Asante sana.

Nilimaliza kuyasema hayo mkutanoni kwa uchungu, nikaongeza kwamba bila mwanamke mmoja wa Oldeani mwenye kichwa kigumu, baba yangu angeshanipeleka. Baba akasimama taratibu akiegemea fimbo yake, nikajua leo nimekwisha.

Alisema ni kweli, alimpa mwenzake wa rika neno lake, na neno la namna hiyo huwezi kulirudisha mdomoni bila sababu. Alilijutia siku ileile, maana walimu walishamwambia ninaongoza darasa, lakini hakujua aanzie wapi kujitoa. Alikwenda Oldeani akiwa mzito wa moyo. Mwanamke yule alipomwambia hatoki mtu, alisema, nusura acheke kwa furaha. Ng'ombe walikuwa na kaka zangu, hakuna kilichokuwa kinamngoja. Angeweza kukaa wiki mbili. Angeweza kuniita mara moja tu na ningetoka. Badala yake alikunywa chai, akarudi kuwaambia wazee kwamba binti amefungiwa na ugonjwa, na wao wenyewe ugonjwa waliuogopa. Kisha akamgeukia Sitonik. Alimwambia kuna wakati hata baba huhitaji mtu wa kumsingizia, na shule ikifungwa, basi imtafutie mtu huyo.

Mama, nimemchukia mzee wangu bure. Nililia palepale mbele ya wanafunzi, na yeye akaniambia kwa Kimaasai ninyamaze, wazazi wa watu wananitazama. Siku hiyo tulikula pamoja.

Bwana Clemensi ameubadilisha mpango. Shule ikifungwa, kila binti wa bweni ambaye kwao ni mbali, au ambaye sisi walimu tunamhofia, atakuwa na nyumba iliyojulikana mapema, na mwenye nyumba hatamtoa kwa mtu yeyote mpaka shule ifunguliwe, hata akija baba mzazi. Wanawake wa hapa ndio walioshangilia kwanza.

Sinyati yuko darasani. Mzee Sitonik alinifuata baadaye, wengine walipokwisha kutawanyika. Akaniomba kwamba siku ikifika, Sinyati apelekwe nyumba ya mbali, na mwenye nyumba awe mkali kwelikweli. Nimekutaja wewe.

Nisalimie Witness, mwambie asichoke kubeba mabegi ya wageni. Katekista naye msalimie. Yeyo, mama yangu mzazi, amenipa shanga nikuletee nikija Desemba. Baba anakusalimu sana, na anauliza kama siku hizi anaruhusiwa kuinywa chai akiwa ndani.

Ni mimi binti yako,
Sintamei Sairowua