Dakika Hamsini

Alhamisi, 16 Aprili 1953
Barua ya mchumba imefika kutoka Tanga. Kurasa tatu, mbili za ndege! Tanga mpaka Dar es Salaam, dakika hamsini. Kwa lori siku mbili na zaidi, matope, mbuzi — na Alawi, karani wa mkonge, haji kuoa amekaa na mbuzi. Jumatano ataruka, Dar atakodi teksi, chakula cha mchana atakula kwetu Bagamoyo. Mimi nimetajwa mwishoni, baada ya rubani.

Baba kaisoma barazani mara nne. Mama kaniambia nipunguze mdomo, naolewa Ijumaa ijayo.

Jumatatu, 20 Aprili
Mvua. Mwari hatoki. Nasingwa tu, liwa mwili mzima.

Jumatano, 22 Aprili
Ndege imepita! Saa nne kasorobo, juu ya paa letu hasa. Wote mbio uani kupunga kanga. Mimi nimepunga dirishani, kidole kimoja. Bwana harusi amefika Bagamoyo — akapitiliza.

Adhuhuri kashuka bibi yake, Bi Mwanamvua. Kwa lori, tangu Jumatatu, na mbuzi wawili. Neno la kwanza: mjukuu wangu keshakula? Tukatazamana.

Alhamisi, 23 Aprili
Hajafika. Pilau la jana wamekula majirani. Bi Mwanamvua anasema angepanda naye lori, saa hizi angekuwa anachuna mbuzi. Nampenda bibi huyu.

Jana nilivaa kanga mpya tangu asubuhi. Namngoja, basi! Lijue daftari peke yake.

Ijumaa, 24 Aprili
Kibwana wa posta kaingia saa saba, kwa miguu. Daraja la Mpiji, njia ya Dar, limefunikwa na maji, magari yote yamekwama. Yeye kavuka kwa mtumbwi, katembea maili kumi na nane na mfuko wa barua kichwani. Alawi yuko ng'ambo, ndani ya teksi. Kibwana kamwambia twende bwana, jioni utakuwa umeoa. Alawi katazama viatu vyake.

Kibwana kacheka sana. Mimi sikucheka. Imeniuma.

Kaleta na kikaratasi: Baba amteue mtu yeyote mwaminifu ampokelee ndoa, yeye atakuja njia ikikauka. Yeyote! Kwani mimi kifurushi?

Alasiri. Shekhe yuko sebuleni, na huyo "yeyote" keshapatikana. Baba yuko nyuma ya pazia na mashahidi wawili.

"Adija mwanangu, waniridhia nikuozeshe Alawi bin Mohamedi?"

Mwari akinyamaza, kakubali. Ndivyo ilivyo. Kukataa ndiko kunakotaka sauti. Na miaka kumi na tisa naambiwa ninyamaze!

Bi Mwanamvua kaketi nami kitandani. Kaninong'oneza: "Viatu vile nilimnunulia mimi." Machozi yamemlengalenga.

Baba kauliza mara ya pili. Mama kajiweka tayari kwa vigelegele, namsikia anavyovuta pumzi.

Mara ya tatu.

Nimekohoa, kusafisha koo. Huko nje wamenyamaza wote.