Gari Haina Mkwe

Jumapili, 5 Novemba 2006

Mvua tena. Kazi hakuna. Mahindi imelowa kwa stoo na Kemboi mnyapara amesema tubaki nyumbani.

Hii diary ni ya kampuni ya mbegu. Ilibaki ofisini, mwaka unaisha na haina kitu ndani. Nimeona niandike. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la sita.

Leo nimetoa vitu za Nelima, mke wangu, chini ya kitanda. Dada yangu alisema nguo ya marehemu isikae na panya. Nguo, viatu, mbegu ya maharagwe kwa mfuko. Halafu gunia imefungwa na kamba. Ndani — gari yangu! Ile ya rimoti. Nilifikiri Nelima aliitupa kitambo, wakati tulihama kutoka Moi's Bridge.

Magurudumu nilikata kwa malapa, panya wamekula. Betri imetapika, kijani kijani. Nimeiweka kwa meza. Nikapika ugali. Nikakula nikiiangalia. Kwa roho sikusikia kitu.

Jumanne, 7 Novemba

Tumepakia malori. Mgongo inauma.

Sifuna, ndugu ya Nelima, alipiga simu kwa kibanda ya Cherop, yule wa kuuza chai pale kwa geti. Nikaitwa. Nikamuuliza Sifuna, mtoto wangu Nasimiyu atarudi lini? Ati mama yake Sifuna anasema mtoto msichana hawezi lelewa na mwanaume peke yake na magunia yake. Kwanza nioe. Ndio nichukue mtoto.

Nikasema sawa.

Cherop alikuwa anasikiliza. "Sawa gani sasa? Huyo ni mtoto wako ama ulikuwa umeazima?"

Nikamaliza chai nikaenda.

Tangu tumzike Nelima mwezi wa nane, Nasimiyu ako Kibabii kwa nyanya yake. Ako na miaka tisa. Anasoma huko. Januari shule ikifunguliwa kama bado ako huko, basi. Amekaa. Hiyo najua.

Kuongea na mama mkwe mwenyewe siwezi. Kwetu hakuna. Simpi mkono, siingii jikoni yake, tukipatana kwa njia mimi natoka napita kwa majani. Ni heshima. Kwa hivyo maneno inapita kwa Sifuna. Na kutuma Sifuna na maneno ni kuteka maji na pakacha.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimepeleka gari kwa Zahid. Fundi wa redio, nyuma ya msikiti. Kabla nioe nilikuwa nafagia duka yake, yeye ndiye alinifundisha. Tulikuwa tunaunda gari na vitu za kutupa. Mota ya kaseti, mkebe wa mafuta ya kupika, spoku ya baiskeli. Jumapili tunaenda kwa ile simiti kubwa ya kuanika mahindi, tunashindana. Watu wanajaa! Hiyo ilikuwa Kitale ingine.

Amezeeka. Macho imeingia ukungu. Alipapasa gari kama mtu anatafuta yai kwa kuku.

"Khaemba! Si hii ndiyo ilinishinda, ukatamba mtaa mzima?"

"Ndiyo hiyo."

Akasema pole kwa mama Nasimiyu. Nikasema asante. Akaniuliza nimekuja kutengeneza gari ama nimekuja kuketi. Nikasema sijui.

"Basi keti utengeneze."

Jumapili, 12 Novemba

Kwa Zahid mchana yote. Yeye haoni waya, mimi naona. Anasema, mimi nafanya. Tumetoa betri kwa simu kuukuu, tumefunga pamoja. Nimekata magurudumu mpya. Malapa ya kulia bado mzuri, ya kushoto imekwisha kisigino — si ndivyo natembea.

Solda imenichoma kidole. Niliona moshi kwanza. Maumivu ilikuja pole pole, kama inauliza njia.

Jumatano, 22 Novemba

Gunia. Mvua. Hakuna ingine.

Jumapili, 26 Novemba

Imetembea! Lakini ukiiambia kulia inaenda kushoto. Zahid alicheka mpaka akakohoa. Ati hii imekuwa kama mtoto wa pili wa kila mtu, yule hasikii. Tumegeuza waya. Sasa inasikia.

Jioni niliipeleka kwa simiti ya mahindi. Vijana wa kupakia wakakuja. "Mzee mzima na toy! Khaemba, nyonyo iko wapi?" Kemboi naye akanitukana, ati nimekuwa mtoto. Halafu akasema lete nijaribu. Akaipeleka mbio akaizamisha kwa lundo la mahindi. Akasema rimoti ndiyo mbaya.

Nilikaa huko mpaka betri ikaisha. Sikufikiria kitu. Ni kama kulala lakini macho wazi.

Jumamosi, 9 Desemba

Sifuna amepiga tena. Maneno imefika Kibabii. Kuna mtu alitoka Kitale na lori akasema Khaemba anacheza na gari ya watoto mbele ya watu. Mama mkwe ameshika kichwa. Ati sasa ni wazi, mkwe wake amerukwa na akili, mtoto haendi mahali.

Nikasema sawa. Nikaona nikifika nyumba niitupe kwa choo.

Halafu nikasikia watu wananyang'anyana simu. Ilikuwa Nasimiyu.

"Baba, ni ukweli? Inaenda peke yake?"

Tangu mazishi hajaniongelesha. Nikishika simu ananirudishia mjomba yake. Nikasema inaenda. Akauliza na kona? Nikasema na kona. Simu ikakatika.

Sikutupa.

Jumapili, 17 Desemba

Nimefagia nyumba. Nimenunua godoro ndogo kwa soko. Nimeiweka pale dirishani. Nimeitoa nikaiweka upande ule mwingine.

Nimeuliza Cherop kama mtoto akitoka shule anaweza keti kwa kibanda yake mpaka nimalize kazi. Akasema yeye alikuwa anangoja tu niulize. Ati mimi ni mgumu kama mlango ya kinu ya unga.

Sijui nitaongea nini na mtoto. Nelima ndiye alikuwa anaongea, mimi nasikiliza.

Jumamosi, 23 Desemba

Naandika nikiwa Kibabii. Nimekaa kwa kiti ya wageni kando ya ghala. Kutoka hapa mlango ya jikoni inaonekana. Sitaki kuiangalia, ndio maana naandika.

Nilifika Bungoma asubuhi, Sifuna akanibeba na baiskeli yake ya boda, gari ndani ya mfuko kwa mapaja. Aliongea njia yote. "Shemeji, mama amesema kama umekuja na wazimu yako, iache kwa barabara." Nikashika mfuko vizuri. Akasema haya, lakini nitamwonyesha hiyo kitu?

Mama mkwe alikuwa jikoni. Akajua nimefika, akakaa upande yake. Mimi nikakaa huku, mbali, vile inafaa. Chai ililetwa na Nasimiyu. Amekuwa mrefu. Nywele imesukwa vizuri, mistari nyembamba.

"Karibu chai, baba."

Akasimama tu. Anaangalia mfuko.

Nikatoa gari. Nikaiweka chini nikavuta eriali ya rimoti. Ilizunguka uwanja, ikapita katikati ya kuku, kuku wakaruka kama ni mwewe! Sifuna akapiga makofi. Nasimiyu hakucheka. Alishika mikono nyuma, akaangalia. Halafu akaonyesha jikoni na mdomo.

"Inaweza fika huko?"

Nikasema inafika. Nikaipeleka.

Sikufikiria! Kwa kichwa yangu ilikuwa ni gari. Ikapanda kizingiti, ikaingia kwa giza. Halafu tup! Na mama mkwe akapiga nduru.

Sifuna alikimbia kuchungulia. Alirudi ameshika tumbo. "Shemeji! Umegonga mama mguu! Ameketi chini, amenyoosha miguu, anachagua maharagwe — na wewe huyo!" Akaanguka kwa nyasi. "Umeingia jikoni ya mama mkwe na magurudumu nne! Hii kesi faini ya mbuzi moja haiwezi."

Mimi nilisimama tu. Nimemgusa mama mkwe. Hata pole siwezi sema, kusema pole ni kuongea na yeye. Nikarudisha gari nyuma, ikagonga sufuria. Nikaacha.

Halafu nikasikia sauti yake. Hakuongea na mimi. Aliongea na gari.

"Wewe gari. Nani amekutuma kwangu?"

Sifuna akanidunga na kiwiko. "Jibu bana!"

"Nijibu namna gani?"

"Si uko na rimoti? Gari haina mkwe, hiyo inaweza ongea."

Nikaisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo.

"Ehe. Kumbe inasikia," akasema. "Basi sikia. Maneno ya mwenyewe wako huletwa na huyu kijana wangu wa domo. Leo nauliza wewe. Huko Kitale nani atamsuka huyu mtoto?"

Gari haiwezi sema hiyo. Ikasimama.

"Akitoka shule ako na nani?"

Nikageukia Sifuna. Nikamwambia yeye, lakini kwa sauti kubwa, ifike. Nikasema Cherop wa chai atakaa na yeye mpaka nitoke kazi. Nikasema kusuka sijui, lakini waya nyembamba nimeweza, nywele nitajifunza. Sifuna akarudia yote akiangalia jikoni, na mama alikuwa ameshasikia.

Nasimiyu alikuwa katikati ya uwanja, haangalii mimi, haangalii huko.

"Wewe gari. Nauliza ya mwisho. Mwenyewe wako anamtaka huyu mtoto, ama hataki tu watu waseme amemwacha?"

Nikasukuma. Mbele, yote. Nikasikia imegonga ukuta na bado inasukuma.

"Hiyo sasa ni gani?" Sifuna akauliza. Hakuwa anacheka. "Shemeji, hiyo ni ya kwanza ama ya pili?"

Nikaacha rimoti. Nikasema, mwambie namtaka. Sauti ilitoka mbaya. Nikarudia.

Sifuna hakurudia kwa mama. Hakukuwa na haja.

Mama mkwe akaita Nasimiyu. Alimwambia akiwa ndani, sisi tukasikia wote. Ati huyu ni baba yako, mimi sitakufunga kamba na sitakusukuma. Ukitaka kwenda na yeye, utabeba hii gari umpelekee na mkono yako. Usipotaka, mjomba yako atairudisha, na hakuna mtu atakuuliza kitu.

Nasimiyu akaingia. Mlango ikarudishwa.

Ni kitambo sasa. Jua imehama, kivuli ya ghala imenifikia. Chai imeingia nzi. Sifuna alikuwa amechuchumaa hapa anachora chini na kijiti. Niliweka rimoti kwa goti. Maandishi imekuwa mbaya, herufi inapandana. Sijui imetoka wapi hii. Kwa mazishi sikutikisika. Watu waliona, wakasema mimi ni jiwe.

Sifuna ameitwa.

Ameinuka. Hakuniangalia. Ameenda, ameinama kwa mlango, ameingia.

Basi. Mjomba ndiye ataibeba.

Nasikia gari. Inatembea huko ndani. Hiyo gari ukiisukuma na mkono gia inalia chini chini, si kama ikitumia mota. Naijua. Rimoti iko hapa kwa goti, sijaigusa.

Sifuna anasema, Nasimiyu, lete sasa nibebe.

Hampi. Gia bado inalia.